Majina Matatu na Wengineo

Kuna neno likitamkwa mbele yangu natema mate. Neno lenyewe ni "kuboresha." Zamani nilikuwa nalipenda, nikidhani maana yake ni kitu kuwa kizuri zaidi. Siku hizi akipanda mtu jukwaani na suti yake, akasema wamekuja kuboresha huduma, mimi naangalia kwanza ni nini kinaondoka. Wakiboresha stendi, choo kinapigwa kufuli. Wakiboresha soko, kivuli kinabomolewa. Halafu wakaja kuboresha redio. Haya ya redio yalinikuta nyumbani kwa baba yangu, msibani kwake.

Mimi nina mgahawa hapa Tinde, kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama watu wale ugali na nyama kabla ya kushika njia ya Kahama au kushuka Nzega. Juu ya friji nina redio. Kwa miaka mingi haikuwahi kuhamishwa stesheni, na aliyejaribu kuigusa aliniona nilivyo. Ilikuwa ni ile redio ya umma ya mkoani kwetu, inayorushwa kutoka Shinyanga mjini, na mnara wake wa pili uko upande wa Geita ili na wachimbaji huko wasikie. Haikuwa redio ya mbwembwe. Ilikuwa na bei ya pamba, mvua, ng'ombe waliopotea, ibada za Jumapili, mawaidha ya Ijumaa, na mchana, baada ya habari, matangazo ya vifo.

Ukitaka kujua watu wa huku ni watu gani, ingia mgahawani kwangu saa ya matangazo ya vifo. Dereva aliyekuwa anagomba kwamba nyama ni ndogo ananyamaza. Mpiga debe aliyekuwa anamtania mhudumu wangu ananyamaza. Mwenye tonge mdomoni analiacha palepale, hatafuni wala hamezi, mpaka mtangazaji amalize. Ni mama mmoja mwenye sauti nzito, Kiswahili chake kimekaa Kisukuma Kisukuma, haharakishi. Anasoma jina la marehemu, anasoma kijiji, halafu anaanza: taarifa ziwafikie fulani aliyeko Mhunze, fulani aliyeko Kahama, fulani na mkewe walioko Nyarugusu, popote walipo. Mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata ukubwa, hata wakiwa ukoo mzima.

Mgeni atadhani hayo majina ni mapambo. Si mapambo. Kwetu mtu anaweza kupigiwa simu kumi, akatumiwa ujumbe, akafuatwa na bodaboda mpaka mlangoni, lakini kama hakusomwa, hakuitwa. Simu ni habari tu. Kusomwa ndiyo kuitwa, maana hapo ukoo umesimama mbele ya watu wote na kusema huyu ni wetu, bila yeye hatuziki. Namkumbuka binamu yake baba, boma lake limepakana na la kaka yake. Kaka yake alipofariki, aliyeandika tangazo akamsahau kwa sababu aliona ni mtu wa hapohapo, atangaziwe nini tena? Basi mzee yule akakaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, siku nzima, akiangalia watu wakipita kwenda kuzika. Machozi yanamtoka, lakini hainuki. "Sikuitwa," alisema. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, na wenyeji wenye akili zao hawakucheka. Walimuomba radhi mwaka mzima.

Sasa, tulizaliwa wanne. Kaka yetu mkubwa yuko Kahama, mimi niko hapa Tinde, mdogo wangu wa kike ameolewa Mhunze, na kitinda mimba wetu, wa kiume, yuko Nyarugusu kwenye dhahabu. Huyu wa mwisho ndiye aliyegombana na baba. Alichukua maksai wa kulimia, dume zuri ambalo baba alilipenda kuliko sisi, akaliuza mnadani ili apate mtaji wa kuingia kwenye duara. Duara ndiyo shimo lenyewe la kuchimbia, kwa asiyejua. Baba alipogundua hakupiga kelele. Aliita wazee wa ukoo na majirani, akamsimamisha yule kijana katikati ya boma, akasema, "Watu wote mshuhudie. Huyu simjui. Na yeye asinijue." Mama aliangua kilio. Mdogo wangu akachukua begi lake akaondoka bila kugeuka nyuma, na sote tukajua kwamba kwa ukaidi wametoshana, baba na mwana.

Miaka ikapita. Mdogo wangu alikuwa ananipigia mimi, anaulizia hali ya mama, hali ya pamba, hali ya kila mtu isipokuwa ya mtu mmoja. Na baba naye hakumtaja. Ila redio ikisema duara limetitia huko Geita, baba alikuwa anainuka anasogea karibu na kuinamisha sikio. Ukimuuliza unasikiliza nini, anasema anasikiliza mvua.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, mgahawa nimemwachia mhudumu wangu. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu. Akasema, "Mayu." Kwetu binti unaitwa hivyo, mama, kwa kupendwa. "Mayu, huyu wa Nyarugusu msimwache. Nilimtoa mbele za watu, nataka arudishwe mbele za watu."

"Baba, si nimpigie umwambie mwenyewe?"

"Simu?" Aliniangalia kama nimemtukana. "Nilimfukuza kwa simu?"

Siku chache baadaye, alfajiri, baba akatutoka. Nilimpigia mdogo wangu kabla jua halijachomoza vizuri. Nilimsikia akilia, mwanaume mzima, mchimba mawe, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nikamwambia aje. Akasema, "Dada, wewe unaniita, ahsante. Lakini baba alinikataa mbele ya watu, na hapa duarani kila mtu anajua kwamba mimi sina kwetu. Nije kama nani? Nikisomwa nakuja, hata kwa miguu."

"Utasomwa. Baba mwenyewe kaagiza."

"Kaagiza?"

"Kwa mdomo wake."

Basi akasema anakaa karibu na redio, begi limefungwa.

Baba mdogo akaandika tangazo kwa mkono wake, kwa kufuata ukubwa kama ilivyo ada: kaka wa Kahama, mimi, wa Mhunze, na kitinda mimba aliyeko Nyarugusu. Nililipeleka mwenyewe Shinyanga, sikutaka kumtuma mtu. Mapokezi nilimkuta binti mmoja mpole, akanipa pole, akalipokea, akasema litasomwa mchana. Hakuniambia kitu kingine. Nikarudi msibani na moyo umetulia. Nilimwambia mama, na mama akawaambia wanawake wote waliokuwa wamekaa naye kwenye mkeka: leo mwanangu anarudishwa.

Mchana ukafika. Redio tukaiweka juu ya kinu katikati ya uwanja, sauti mpaka mwisho. Wanaume wakaacha kuchimba kaburi wakasogea. Habari zikaisha. Tukashangaa kwamba aliyesoma si yule mama wetu wa matangazo, ni kijana mmoja anasoma mbiombio kama anafukuzwa. Akasoma jina la baba. Akasoma kijiji, akakosea kukitamka. Kisha akasema taarifa ziwafikie mtoto wa kwanza aliyeko Kahama, binti aliyeko Tinde, binti aliyeko Mhunze, na wengineo.

Na wengineo!

Halafu palepale, hata pumzi hatujavuta, likaingia tangazo la sabuni ya kufulia. Watu wanaimba kwamba povu ni jingi.

Mama alikuwa amelala ubavu, akakaa. Akasema, "Mbona hajamaliza?" Akauliza tena, akimwangalia baba mdogo, "Wewe hukumwandika?" Baba mdogo aliapa kwa jina la Mungu na kwa kaburi lililokuwa halijamaliza kuchimbwa. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka, natafuta mtandao nyuma ya zizi. Simu ikaita ikakatika. Ikaita ikakatika. Mara ya tatu akapokea.

"Wengineo ni nani, dada?"

"Mdogo wangu, uliandikwa. Nimelipeleka mwenyewe tangazo, jina lako lilikuwepo."

"Wenzangu walizima karasha ili nisikie." Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe, na kuizima katikati ya kazi si jambo la mchezo, ni riziki ya watu. "Walizima, wakanizunguka. Wamesikia wote. Wametajwa watoto watatu wa marehemu, na mimi nimewekwa na wengineo. Pamoja na nani? Pamoja na mbuzi?"

Nikaanza kumweleza. Akanikatiza, akasema poleni na msiba, kama vile anavyosema mtu baki. Akakata.

Tulizika bila yeye. Mama alikuwa anaangalia njia inayotoka barabarani, anaangalia kaburi, anaangalia njia. Mchungaji alirefusha maombi kwa kutuonea huruma, lakini maombi nayo yana mwisho wake. Udongo ulipoanza kuingia mama akaita jina la mdogo wangu kwa sauti, mara moja tu. Sijui kama alikuwa anamwita yeye au anamshtaki kwa baba.

Msiba ulipopoa kidogo nikarudi redioni. Jamani, nilikwenda na shari, sifichi. Yule binti wa mapokezi aliponiona akainamisha macho. Akaniambia, "Mama, si mimi, ni maelekezo kutoka juu. Tuko kwenye majaribio. Kila tangazo la msiba majina matatu tu, wanaobaki wanaingia kwenye 'na wengineo.' Na yule mama msomaji amepumzishwa." Nikauliza, sasa mbona hamkuniambia, ningechagua mwenyewe watatu wangu? Akasema maelekezo yenyewe yalifika asubuhi ileile, nikiwa nimeshaondoka. Nikaomba lisomwe tena kamili. Akasema msiba mmoja tangazo moja. Nikauliza nani kasema. Akasema kuna mkutano wa wadau unakuja, mama, njoo uwaambie wenyewe.

Wadau! Neno jingine la hovyo. Nilikwenda. Nilivaa kitenge changu cheusi cha msiba, makusudi. Ulikuwa ukumbi wa hoteli pale mjini, una kiyoyozi mpaka watu wanajikunyata, kila kiti kimewekewa chupa ya maji na biskuti. Sisi wasikilizaji tulikaa nyuma. Mbele walikaa wageni waliotumwa na wakubwa wa redio kutoka makao makuu huko, na mmoja wao, kijana mnene mwenye viatu vilivyochongoka, akawa anatuonyesha picha ukutani. Mishale inapanda, mishale inashuka. Akasema redio imekuwa mzigo. Akasema wanapendekeza kupunguza vipindi vya hapa, muda mwingi wapokee matangazo kutoka makao makuu, na huduma nyinginezo "zitaangaliwa upya." Akasema matangazo ya vifo yanakula muda wa hewani, na kwamba msikilizaji wa kisasa hapendi kuanza mchana wake na huzuni. "Siku hizi kila mtu ana simu kiganjani. Kwa nini umtangazie mtu kwa redio kitu unachoweza kumtumia kwa meseji?"

Wenzake wakatikisa vichwa. Mmoja alikuwa anakula biskuti, chembe zimemganda mdomoni, naye anatikisa kichwa. Nilisikia kinyaa. Si hasira, hasira naijua, ni rafiki yangu wa siku nyingi. Hiki kilikuwa kinyaa, kama pale unapoinua kifuniko cha chungu ukakuta chakula kimelala siku mbili.

Nikanyoosha mkono. Nikapewa kipaza sauti.

Nikawaambia habari za baba, zote, kama nilivyozieleza hapa. Sikulia. Nikasema, "Mwanangu, shikamoo sikupi maana mimi ni mkubwa kwako, lakini nakuuliza. Wewe baba yako akifa, uko tayari kuitwa 'na wengineo'?"

Watu wa nyuma wakaguna. Yule kijana akatabasamu, tabasamu la kufundishwa semina. Akasema, "Mama, kwanza poleni sana kwa msiba. Lakini kwa heshima zote, hiyo ni changamoto ya mawasiliano ndani ya familia. Redio haiwezi kubeba mizigo ya kila familia."

Looh! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Changamoto ya mawasiliano! Watu wamekata jina la mtoto kwenye msiba wa baba yake, wakaweka sabuni, halafu sisi ndio hatuwasiliani! Sikumbuki vizuri nilichosema baada ya hapo. Wanasema niliuliza kama mama yake ana haya. Wanasema nilisema kama redio imewashinda waturudishie, tutaiendesha na wauza dagaa, haitakosa mtu wa kusoma majina. Ninachokumbuka ni kwamba watu wa nyuma walisimama. Walisimama wafugaji kutoka Kishapu, wakasimama masheikh na wainjilisti, wakasimama mama lishe wenzangu, kila mmoja anataka kipaza sauti, kila mmoja ana msiba wake. Mwenyekiti wa mkutano akaona mambo yanaharibika. Akanong'ona na wenzake, kisha akatangaza kwamba kwa kuzingatia ubinadamu, familia yetu itapewa nafasi maalumu: siku ya kuanua matanga ikikaribia, tangazo letu litasomwa kamili, majina yote, tena na yule mama msomaji. Mambo mengine yatachukuliwa kama maoni.

Wakatukaribisha chakula, kuku na pilau. Sikula. Wa kwao huyo kuku. Lakini nilirudi Tinde natembea juu kwa juu kwa furaha, maana nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Mama aliposikia akapiga magoti akamshukuru Mungu. Akasema safari hii kitinda mimba atangulie, aanze yeye, ukubwa uwekwe pembeni. Baba mdogo akakubali. Mdogo wangu naye nilimsaka kwa simu mpaka akapokea. Nikamwambia lini litasomwa na atakavyosomwa. Akasema, "Nitasikiliza. Wenzangu pia nitawaambia wasikilize. Nikisomwa, asubuhi yake niko njiani."

Lilisomwa siku moja kabla ya kuanua matanga, mchana, kama walivyoahidi. Mimi nilikuwa mgahawani, na mhudumu wangu anasema nilipanda juu ya benchi. Sauti ileile ya yule mama msomaji, nzito, haina haraka: taarifa zimfikie kitinda mimba wa marehemu aliyeko Nyarugusu, jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, kwamba mama yake na ukoo mzima wanamwita nyumbani. Halafu ndipo sisi wengine. Madereva wakanipigia makofi. Nikampigia mama, nikasikia vigelegele kabla hajasema kitu. Kijijini kote wamesikia. Hata mashineni, akasema mama, walizima mashine ya kusaga.

Kesho yake asubuhi tukachinja, tukapika, wageni wakafika. Mama alikuwa amevaa gauni jipya. Alimtengea mdogo wangu kiti karibu yake, na sahani ya nyama akaifunika kwa mkono wake mwenyewe. Kila pikipiki iliyokata kona ananyanyuka. Mchungaji akafika, ibada ikafanyika, nguo za marehemu zikagawanywa. Watu wakaanza kula. Nikaona uso wa mama unabadilika, taratibu, unafunga.

Nikaenda nyuma ya zizi nikapiga simu. Akapokea haraka.

"Dada, vipi tena? Mliahirisha?"

"Tuliahirisha nini? Uko wapi wewe?"

"Si niko hapa. Jana tulizima karasha, tukakaa. Redio inakwaruza tu. Wiki nzima inakwaruza. Tulikaa mpaka watu wakanionea aibu, wakarudi kazini mmoja mmoja."

Nikamwambia subiri. Nikampigia yule binti wa mapokezi, alinipa namba yake siku ya mkutano. Akajibu kwa kunong'ona. Mnara wa upande wa Geita umezimwa tangu mwanzo wa wiki, kupunguza gharama. Nikamuuliza, walipotuahidi mbele ya watu, walijua? Akasema, "Mama, uamuzi ulikuwa umeshapita. Kwenye mkutano walikuwa wanakusanya maoni tu."

Yaani walikuwa wanajua. Walinipa tangazo kamili, na majina yote, na sauti nzuri, wakijua kwamba anayeitwa hataisikia. Waliniahidi nikiwa nimesimama mbele yao na nguo ya msiba. Kwa hayo nitawachukia mpaka nife, na dini yangu inisamehe.

Nikamrudia mdogo wangu, nikamweleza. Nikamwambia nimelirekodi tangazo kwenye simu, nimtumie. Akasema, "Nakuamini dada. Tatizo ni hawa wenzangu. Nilipoachwa walisikia kwa redio. Sasa niwawekee sauti ya kwenye simu, waseme nimetengenezewa na dada yangu?" Nikasikia karasha inanguruma nyuma yake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeinua kitu kizito, "Basi potelea mbali. Wacheke. Nakuja kesho, hivyohivyo, bila kusikia. Mama atanipokea?"

"Atakupokea," nikasema. Nilikuwa nalia na kucheka. "Uje."

Nikarudi mbio. Mama alikuwa ameinuka, sahani ile amempa mgeni, kiti kimekaliwa na mtu mwingine. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia mama, anakuja kesho, jana hakusikia, mnara wa Geita umezimwa.

"Mnara gani?"

"Wa redio, mama. Huko kwao redio haifiki tena."

Aliniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtoto anayetunga uongo ili kumtetea mwenzake. "Mimi na uzee huu nimesikia. Kaka yako Kahama kasikia. Wa mashineni wamesikia. Yeye peke yake ndiye hakusikia?"

"Kweli tupu, mama. Niulize mimi nimepiga simu redioni."

"Redio ya serikali ituambie itatangaza, halafu isimfikie tunayemtangazia? Watu wazima wafanye hivyo, msibani?" Akatikisa kichwa. "Hapana, mayu. Watu hawawi hivyo. Mwanangu kasikia, akakaa. Baba yake alinyoosha mkono kutoka kaburini, mimi nimeunyoosha mbele za watu, naye kauacha hewani. Mwambie abaki huko."

"Mama, anakuja—"

"Na mimi nikifa, msimsome."

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa karibu, sahani yake magotini, akaacha kula, akainamisha kichwa. Akasema amesikia.